Ulimsalimia Nani?

Mzee akiingia dukani, kichwa cha Mama Dukani kilizama nyuma ya kaunta. Ulikiona kilemba chake kikishuka taratibu mpaka kikapotea, halafu sauti ikatoka huko chini na salamu ndefu ya Kihaya isiyo na haraka, kisha kilemba kikapanda tena. Wanaume wa Nyabiyonza walibishana miaka na miaka kama kweli alikuwa anapiga magoti kule nyuma au alikuwa anajikunyata tu juu ya gunia la chumvi. Mimi niliyekuwa nikishona kwenye baraza yake niliujua ukweli. Alipiga magoti hasa, sakafuni, hata kwa mzee aliyekuja kununua kiberiti kimoja. Ila akishainuka alikuwa mfanyabiashara, na mzee wa watu angelipa mpaka senti ya mwisho.

Alikuwa na jina lake, kanisani walilitumia, lakini sisi wengine tulimwita Mama Dukani na yeye aliitika. Alikuwa Mhaya wa Muleba, Mlutheri wa kuimba sauti ya pili, na kwa sisi Wanyambo alikuwa kwanza mgeni wa heshima, halafu mwenyeji mwenye maneno. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Nilimlipa kodi ya baraza kila mwezi, na hakunisamehe hata mwezi ule mkanda wa cherehani ulipokatika nikakaa bila kazi. Leo namsifu kwa roho safi, lakini asije mtu akadhani nasimulia habari za malaika.

Ubahili wake ulikuwa wa kutazamwa. Akikupimia sukari alimimina mpaka mizani ikaanza kushuka, kisha akatoa kwa ncha ya kijiko, akatazama, akatoa tena, akatazama, na chembe zilizobaki kwenye kijiko zilirudi guniani mwake. Ukimwomba aongeze kidogo alikuuliza kama na wewe ukivuna kahawa unamwongezea mnunuzi. Mkopo hakutoa. Mkopo, alisema, ni mgeni anayejua njia ya kuingia tu. Na siku alipopandisha bei aliimba. Mtu akipita barabarani akasikia wimbo wa kanisani unatoka dukani asubuhi mapema, alijua sabuni si ile ya jana, na wengine waligeuza njia kabisa wakaenda kufulia majivu.

Miaka ile ya bidhaa kuadimika alificha sabuni chini ya kitanda chake. Nasema nilichokiona. Alimwambia mwalimu mkuu kwamba hakuna sabuni, akaapa, na jioni hiyohiyo mwanamke aliyetoka kujifungua akatoka na mche mzima ndani ya khanga. Nilipomuuliza kwa utani kama Mungu wa Walutheri anaruhusu, alinijibu kwamba sabuni ni yake na atamwuzia amtakaye, pesa ya mtu ndiyo si yake. Hapo alikuwa amechora mstari, na sijawahi kumwona akiuvuka.

Habari ya pesa ya mtu ndiyo iliyompa jina Karagwe nzima, na lazima nieleze ilivyokuwa inatokea, maana haitokei kila mahali.

Kwetu mtu hasalimii akiwa na kitu mkononi. Mdogo akikutana na mkubwa hutua alichoshika, mikono yote miwili ikawa wazi, mwanamke akapiga magoti, mwanamume akainama, ndipo salamu zianze. Na salamu zenyewe si neno moja. Utaulizwa ulivyolala, walivyolala wa nyumbani, migomba inaendeleaje, mvua imefika kwenu au imeishia mlimani. Sasa mweke mwanamke mbele ya kaunta siku za msimu wa kahawa. Ameshika noti, au amepewa chenji sasa hivi, na mlangoni anaingia shangazi wa mume wake. Noti inatua kwenye kaunta bila mwenyewe kujua. Anapiga magoti, anajibu ya migomba na ya mvua, anainuka, anachukua chumvi yake na kutoka, moyo mweupe kwa kusalimiana vizuri. Pesa inabaki pale. Nimefika Mwanza, nimefika Dodoma, na huko kote watu husahau pesa dukani kwa ulevi, kwa haraka, kwa mawazo. Kwetu wanaisahau kwa adabu.

Mama Dukani hakuisogeza pesa ya namna hiyo. Alichukua kikombe cha bati, cheupe chenye mdomo wa buluu, akaifunika palepale ilipoachwa. Hakuihesabu na hakutangaza. Kikombe kilikaa kifudifudi mahali pake, wateja wakanunua kulia na kushoto kwake, na ole wako uweke kiwiko karibu. Alikuwa na neno lake: "Wengine husema asiyekuwepo na lake halipo. Kwangu mimi asiyekuwepo, lake lipo."

Mtu akija kudai hakumwuliza ni kiasi gani. Aliuliza swali moja tu: "Ulimsalimia nani?" Mwenye pesa alikuwa na jibu sikuzote, kwa kuwa salamu ndiyo iliyomfanya aiache. Nilimbishia siku moja kwamba hata mwizi aliyesimama nyuma angeweza kuona nani kasalimiwa. Akasema sivyo. Mwizi hutazama noti, hatazami anayesalimiwa.

Na kweli, waongo walikuja na wote aliwatoa jasho. Mmoja alisema alikuwa anamsalimia mchungaji. Mama Dukani akamwambia mchungaji hajakanyaga pale tangu Pasaka, na wakati huo tulikuwa tunavuna maharage. Mwingine, mlevi wa rubisi tuliyemjua sote, alifikiri amepata ujanja, akasema alikuwa anamsalimia Mama Dukani mwenyewe. Akajibiwa polepole mbele ya wateja kwamba miaka yote hiyo hajawahi kumsalimia, na kama anataka kuanza leo anakaribishwa. Akasalimia, tena akainama vizuri, akaondoka bila kitu.

Wakati wa vita, shelfu zikiwa tupu na malori ya jeshi yakipita usiku na mchana, askari kijana alinunua sigara, akaacha noti juu ya kaunta, akapanda lori. Kikombe kilikaa juu ya noti ile miezi mingi. Vita vilipokwisha akashuka askari mmoja, amekonda, ana kovu jipya shingoni, akasimama mlangoni kama asiyejua aanzie wapi. Mama Dukani akamwuliza lile swali lake. Kijana akasema hakumsalimia mtu kwa mikono, alimpigia saluti yeye mwenye duka kwa sababu alimkumbusha mama yake. Kikombe kikainuliwa. Mama Dukani akaingia ndani, na alipotoka macho yalikuwa mekundu, akanifokea mimi kwa sababu ya vipande vya nyuzi barazani.

Mwezi wa Novemba ndio ulionionyesha kwamba tabia hiyo ilikuwa imetuambukiza na sisi. Asubuhi moja senene, wale panzi wa kuliwa, walishuka wengi mpaka nyasi zikabadilika rangi, na Mama Dukani, mwanamke mzima wa kanisa, alinyakua gunia akakimbilia mbugani pamoja na watoto, akaliacha duka wazi. Nikamfuata na mimi, nani atakaa anashona siku ya senene. Tuliporudi na magunia yetu tulikuta nusu ya kijiji imeshaingia na kutoka dukani. Paketi ya chumvi haikuwepo, thamani yake imewekwa juu ya mizani. Na kikombe kilichokuwa na pesa ya mtu kilikuwa vilevile, hata vumbi pembeni yake halikuguswa.

Pesa iliyokuwa chini ya kikombe hicho ilikuwa ya binti mmoja, na habari yake ndiyo hii.

Mama yangu mzazi alikuwa akiniletea chakula cha mchana barazani. Alitokea Nyakasimbi kwa kuzaliwa, mwanamke mfupi wa hatua fupi, na alikuwa wa kizazi cha mwisho kuvaa pete za waya miguuni, zile nyembamba zilizopangwa kutoka kifundoni kwenda juu. Ila yeye alizivaa mguu mmoja tu. Mguu mwingine uliwahi kuvimba mpaka ikabidi waya zikatwe kwa koleo, na alikataa kuvua za mguu mzima ili ilingane. Nilikuwa nikisikia zikilia kabla sijamwona, na njaa yangu ilianzia hapo.

Siku hiyo, miaka ya themanini ikiwa mwanzoni, aliingia dukani binti kibarua. Walikuwa kundi, watu wenye asili ya Rwanda, waliokuwa wakichuma kahawa na kupalilia vibanja vya migomba vya watu, na lori la kuwapeleka upande wa Kibingo lilikuwa linawasubiri njia panda. Binti alitaka chumvi. Alifungua pindo la khanga, na Mama Dukani alipoona malipo ya msimu mzima alimtania kwamba leo duka limepata tajiri, atanunua nini na nini. Binti akasema atanunua mbuzi. Jike. Akaeleza, kwa Kiswahili chake cha kupapasa, kwamba tangu azaliwe amelala jikoni kwa watu na kulima migomba ya watu. Sasa kuna mzee wa huko Kibingo amekubali kumwachia ukingo wa kibanja chake, kwa sharti awe na samadi yake mwenyewe, maana mgomba bila samadi ni majani tu. Mbuzi angempa samadi, samadi ingempa ukingo ule, na hapo angekuwa mtu mwenye mahali. Nilisimamisha cherehani nimsikilize. Mama Dukani alimpimia chumvi, na kwa macho yangu mawili nilimwona hakutoa chembe kwa ncha ya kijiko.

Ndipo pete zikalia mlangoni, mama yangu akaingia na chakula changu kichwani. Binti akatua kila kitu, akapiga magoti. Mama yangu hakuwa mtu wa kusalimia nusu. Waliulizana, mgeni na mwenyeji, kana kwamba wametoka tumbo moja. Lori likapiga honi, binti akaruka, akachukua chumvi, akakimbia.

Mama Dukani alipoiona pesa lori lilikuwa limeshaanza kuteremka. Alitoka mbio mpaka katikati ya barabara, mwili wake ule, akipunga kilemba mkononi, na vumbi likamfunika. Alirudi akaifunika pesa. Kesho yake alinituma kwa mwenye kibanja walikokuwa wanachuma, na mwenye kibanja akasema vibarua hufuata kazi, leo Kibingo, kesho hajui. Mama Dukani akatuita mimi na mama yangu, akatuapisha tusimwambie mtu yeyote duniani kwamba aliyesalimiwa ni nani.

"Sasa huko aliko anasema nimemla," aliniambia jioni. "Mtu wa hapa akinisema vibaya nitamjibu. Huyu atanisema kwa watu nisiowajua, na mimi sitakuwepo."

Sikuwahi kumwona na huzuni ya namna ile kwa jambo la biashara. Alinunua kikombe kingine kwa ajili ya pesa za watu wa kila siku, na kile cha binti kikakaa mwisho wa kaunta, karibu na mizani, wala hakikuinuliwa mbele ya mtu.

Miaka ikapita juu yake. Kuna msimu alikwama kabisa, mtaji umekatika, shelfu zina viberiti na nyembe tu, na mimi mwenyewe nilimshauri aichukue ile pesa aizungushe kisha airudishe. Akasema ukizungusha cha mtu utazunguka nacho mpaka kizunguzungu. Siku nyingine nilikasirika kwa niaba yake na ya binti pia. Bei zilikuwa zinapanda kila tukiamka, noti zenyewe zilikuwa zimebadilishwa, na nilimwambia wazi kwamba anatunza kitu kinachooza. Pesa iliyokuwa mbuzi sasa ni kuku, kesho itakuwa yai. Aliniuliza gulioni jana mbuzi jike aliuzwaje. Nikamtajia bei, nikajisemea moyoni kwamba nimemwudhi na anageuza mazungumzo.

Huo ulikuwa ugonjwa wake, bei ya mbuzi. Kila nikitoka gulio la Nyakasimbi lazima aniulize, na si mbuzi tu, mbuzi jike, wa kuzaa. Hakuwa na zizi. Nyama ya mbuzi hakula, alisema inamrudia tumboni. Nikahesabu ni umbea wa wafanyabiashara, mtu anayetaka kujua bei ya kila kitu hata asichouza. Hata kikombe kilipoondoka pale mwisho wa kaunta na mahali pake pakawa na bakuli kubwa la bati, nilidhani kikombe kimetoboka kwa kutu. Mtu anaweza kukaa barazani miaka mingi, akajidai anaona kila kitu, kumbe anaona mgongo wa mambo.

Mama yangu alifariki katika miaka hiyo. Mama Dukani alifunga duka siku nzima, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mazishi ya ndugu wa mume wake, akaja akakaa na wanawake jikoni akimenya ndizi. Mwisho wa mwezi akanidai kodi ya baraza kama kawaida, na naapa nilishukuru, maana ilikuwa ishara ya kwanza kwamba dunia inaendelea.

Baadaye maduka mengine yalifunguliwa njia panda, yenye redio na rangi mpya, na wateja wa Mama Dukani wakapungua hadi wazee na wadeni waliofukuzwa kwingine. Na mimi nilihamisha cherehani yangu Kibingo, kwa wakwe zangu, kwa kuwa kulikuwa na shule mpya na sare za kushona. Niliendelea kupita kumsalimia, kisha nikapita mara chache, kisha nikawa nasikia tu kwa watu kwamba amezeeka, duka limefungwa, anatunzwa na mjukuu wake wa kike na kumbukumbu zinamtoka.

Siku moja, miaka ya tisini imeshafika katikati, mwanamke wa makamo aliniletea kitambaa cha sare ya mtoto wake. Viganja vyake vilikuwa vya mtu wa jembe. Nikiwa napima kitambaa alisema mimi si fundi wa huku, na nikamwambia nilikuwa nikishona Nyabiyonza, kwenye baraza ya duka la njia panda.

Aliondoa mkono kwenye kitambaa. Halafu akasema, "Pale ndipo nilipopoteza mbuzi wangu."

Niliweka mkasi chini. Akasimulia bila kuulizwa. Lori lilipokuwa linateremka alipapasa pindo la khanga akakuta limefunguka na halina kitu. Hakukumbuka kuitua pesa mahali. Nani hukumbuka alivyopiga magoti? Alifikiri imeanguka barabarani, au imechomolewa ndani ya lori, au imebaki dukani, na wenzake wakamwambia asithubutu kurudi. Wewe na lugha yako hiyo uende kumdai mfanyabiashara pesa, watakufunga wewe. Ukingo wa kibanja alipewa mwingine. Alipata mume, mume akafa, na mpaka siku hiyo alikuwa bado anapalilia migomba ya watu. Nilimwuliza kama alimlaani mwenye duka. Akasema miaka ya mwanzo, ndiyo.

Nilimwambia twende tukamsalimie, nikashindwa kusema zaidi ya hapo. Mama Dukani alikuwa ameniapisha, na kiapo ni kiapo. Nilimpakia kwenye karia ya baiskeli, milima tukaipanda kwa miguu, na njia nzima jibu lilikuwa mdomoni mwangu linaniunguza. Asipokumbuka je? Alikuwa mgeni pale, hakumjua mtu. Na yule anayeuliza huenda hakumbuki hata swali lake. Nilimwona akilini huyu mama akirudi Kibingo mikono mitupu mara ya pili, safari hii mimi ndiye niliyempeleka.

Mjukuu alitufungulia. Mama Dukani alikuwa ameketi mahali pake nyuma ya kaunta, mbele ya shelfu tupu, mdogo mno kwa kiti kile. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Niliumia, sifichi. Mjukuu akasema kwa sauti ya chini kwamba siku nyingine hata yeye hamjui, lakini bakuli lile hulifuta vumbi kila asubuhi, na kila siku ya gulio humtuma aulize bei ya mbuzi, nao hawafugi mbuzi.

Bakuli lilikuwepo, mwisho wa kaunta, karibu na mizani.

"Mama," nilisema, "huyu aliacha kitu hapa zamani."

Sijui ni nini kilichompata. Mgongo ulinyooka. Akamkazia macho yule mwanamke, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Mama Dukani wa siku zote, ya kwenye mizani.

"Ulimsalimia nani?"

Mwanamke akanitazama mimi. Nikatazama sakafu. Akasema hajui, hakuwa akimjua mtu yeyote katika kijiji kile. Mjukuu akashusha pumzi. Mama Dukani aliendelea kusubiri, mikono juu ya kaunta.

"Uso sikuuona, mama," mwanamke akasema tena, polepole. "Niliinamisha kichwa. Niliona miguu tu. Mguu mmoja ulikuwa na pete za waya. Mwingine haukuwa nazo."

Nilishika ukingo wa kaunta. Miaka yote hiyo nilidhani ni mimi peke yangu duniani niliyebaki na miguu ile. Kumbe kulikuwa na mtu Kibingo, mtu asiyejua hata jina la mama yangu, ameitunza naye.

Mama Dukani akanigeukia. "Fundi," alisema, na hapo alinijua kabisa, "mama yako hajambo?"

"Hajambo, mama," nilijibu.

Akaliinua bakuli. Chini yake kulikuwa na fungu la noti zilizokunjwa vizuri, na hakuna hata moja iliyokuwa ya wakati ule wa lori. Zilikuwa noti za sasa, nyingi, nyingine mpya kabisa. Nilizitazama, nikamtazama yeye, mwanamke ambaye hakuwahi kuniongezea chembe ya sukari. Nikakumbuka kila gulio na kila bei niliyomtajia nikidhani ni umbea. Nilimwambia kwamba siku zote alisema pesa ya mtu haigusi.

"Kutoa sikutoa," alisema. "Na huyu hakuacha noti. Aliacha mbuzi. Mbuzi lazima umlishe, fundi, ukimfunika tu anakufa."

Akalisukuma fungu lile mbele kwa viganja viwili. Yule mama alilipokea kwa viganja viwili, machozi yanamtiririka bila sauti. Kisha akafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa kwetu angefanya. Aliiweka pesa yote juu ya kaunta, akaachia mikono, akaanza kupiga magoti amshukuru.

Mkono wa Mama Dukani ulikuwa umeshafika kwenye bakuli.

"Inuka," alimwambia. "Shika mbuzi wako kwanza. Salamu nitaisubiri."

Mwanamke akainuka. Akaifunga pesa kwenye pindo la khanga, akakaza fundo kwa meno, ndipo akapiga magoti tena.